Aliyepimiwa

Miaka ile ya ruksa, kila mtu pale Kibiti alipata ruksa yake isipokuwa Kondo. Ruksa kumuuzia ufuta umtakaye, ruksa kuagiza gari kutoka Dubai, ruksa kufungua genge, ruksa kwenda harusini na koti la mtumba. Hata mbuzi wa Mzee Mohamedi walikuwa na ruksa, maana walivuka barabara ya Lindi wapendavyo na mabasi yakawangoja. Kondo, fundi magari, mtu mzima mwenye mke na mtoto, yeye alikuwa bado anaomba.

Na aliyekuwa akimwomba ni mtu mmoja tu, huyohuyo Mzee Mohamedi mwenye mbuzi. Mzee alikuwa mjomba wake, ndugu wa mama yake tumbo moja. Alikuwa pia mkwe wake, kwani Kondo alimwoa binti yake, Swaumu, ili damu isitoke nje. Sasa hebu niambie, mtu ambaye mjomba wake ndiye mkwe wake, akikosana na mmoja, atakwenda kushitaki kwa nani?

Kondo alizaliwa Delta, kule mto unakoingia baharini, mtoto wa mchonga mitumbwi aliyeitwa Abdalah. Alipokuwa na miaka tisa baba alifariki, na mjomba, mtu wa milimani asiyejua hata kushika kafi, alipanda mtumbwi kwa woga wake wote akamfuata. Alimlea. Alimsomesha. Alimpeleka Dar es Salaam akajifunze ufundi, na miaka minne Kondo alilala chumba kimoja na mwanafunzi mwenzake, Amri, wakipanga jinsi watakavyofungua gereji yao. Kisha ikaja barua ya mjomba: rudi, mwanangu, nimekujengea banda.

Banda lilikuwa uani, nyuma ya nyumba ya mzee. Ua ulikuwa na mlango mmoja, na mlango ule ulipita mbele ya baraza aliyokaa mzee tangu asubuhi hadi magharibi. Kila gari lililokuja kutengenezwa lilipita mbele yake. Kondo akitoka kununua msumari, "Unakwenda wapi, mpwa?" Akirudi, "Umechelewa, mpwa." Miaka kumi na moja hiyo. Na kila Kondo alipoomba aende zake mjini akajaribu bahati, mzee hakukataa hata siku moja. Alisema ngoja tuvune ufuta. Alisema ngoja mtoto atoke arobaini. Mara mbili presha ilimpanda, akalazwa, na Kondo ndiye aliyemshika mkono pale kitandani.

Tena mzee hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo ubaya wote ulipokuwa. Anayekupiga utamkimbia, anayekulisha utamkimbiaje? Kondo angeweza kuondoka alfajiri yoyote na mkeba wake wa spana. Lakini angeondoka bila radhi, na mtu asiye na radhi ya mjomba wake, kwa watu wale, hata akifika mjini hajafika popote. Kwa hiyo alibaki. Akawa anakula vizuri, na kifua kinambana.

Basi mwaka elfu moja mia tisa tisini na mbili, miezi mitatu kabla ya Idi ya kuchinja, Amri akatokea pale uani ametoka Dar. Alikuwa sasa fundi mkuu kwa tajiri mmoja mwenye magari ya mashindano. Akaeleza kwamba tajiri na wenzake wanataka kuja kuzungusha magari yao kwenye kile kiwanja cha ndege kilichoachwa na wapima mto, nje kidogo ya Kibiti, siku ya Idi pili. Gari la mwenyeji litaruhusiwa, mradi liwe limefungwa kizimba cha mabomba ndani, ili likipinduka lisimponde dereva. Halafu akamvuta Kondo kando. Tajiri alihitaji fundi wa pili, anayeweza kulichukua gari la kwendea sokoni akalifanya la mashindano. Kazi na nyumba ya kukaa. "Tengeneza moja," alisema Amri. "Likimaliza mizunguko ishirini bila kufa, unapanda lori letu siku hiyohiyo, wewe na familia."

Kondo alikwenda barazani kuomba gari. Mzee alikuwa na Corolla nyeupe aliyoinunua kwa ufuta wa mwaka jana, akienda nayo Ikwiriri kwa mwendo wa bibi harusi. Alisikiliza mpaka mwisho. Pembeni yake alikaa Ismaily, mwanawe wa mwisho, kijana mrefu aliyepiga kichwa kwenye kizingiti cha kila nyumba, na ambaye tangu arudi kutoka Dar hakuwa na kazi ila miwani ya jua. Ismaily akadakia kwamba yeye ndiye ataendesha. Mzee akacheka. Ijumaa ile, watu wametoka msikitini, akasema mbele ya wote: "Gari, Kondo, lichukue. Ismaily ataliendesha. Likimaliza, nakupa radhi yangu uende utakako." Watu wakaitikia vizuri, na Kondo akatoka pale mbio.

Usiku Swaumu alipoambiwa aliinuka palepale. Alitandika kanga mbili sakafuni akaanza kupanga nguo za mtoto wao Semeni, sufuria moja ndogo na mwiko. Akafunga furushi akalisukuma mvunguni. Watu walidhani binti wa mzee ana raha, kumbe yeye ndiye aliyefungwa zaidi: tangu azaliwe hakuwahi kupika chungu ambacho baba yake hakukionja kwanza.

Kazi ikaanza. Kwanza Kondo alilivua gari nguo. Aling'oa zulia, redio, viti vya nyuma, kiti cha abiria, hata vitambaa vya milangoni. Kwa kila kitu kilichotoka mzee aliguna kule barazani. "Hata hicho, mpwa?"

"Kila chenye uzito, mjomba."

Kiti cha nyuma mzee alikidai. Kikapelekwa barazani, akawa anakaa juu yake kama yuko safarini. Kondo akakata pingili moja ya springi ili gari lilale chini, akafunga shokapu ngumu za pikapu. Akapanua matundu ya kabureta kwa sindano ya stovu, taratibu, kwa kuvuta pumzi na kuibana. Akakata ekzosi ikaishia chini ya mlango, na siku alipowasha mara ya kwanza kuku walipotea uani mpaka jioni, na muadhini akaja kuuliza kama kuna mtu amekufa. Milango, kwa sheria ya wale watu wa Dar, haikutakiwa kufunguka. Kondo akaichomelea yote minne. Wa kuingia ataingia dirishani.

Kikabaki kizimba. Mabomba aliyapata kwenye mradi wa maji uliokufa kabla haujatoa tone. Aliyajaza mchanga mkavu, akaziba ncha kwa vigingi, akayapasha kwa mkaa mpaka yakaiva, akayakunja kwenye kisiki cha mkorosho. Mchanga ule ndani huzuia bomba lisibonyee. Ilikuwa kazi ya kupendeza, na Kondo aliipenda kuliko alivyotaka mtu ajue.

Lakini kizimba hushonwa kwa mwili wa mtu, kama kanzu. Karatasi ya Amri ilisema: kichwa cha dereva na bomba la juu viachane kwa vidole vinne, goti lisiguse usukani, mkono ufike gia bila kujivuta. Kondo akamwita Ismaily aje apimwe. Mara ya kwanza aliambiwa yuko Ikwiriri. Mara ya pili amelala. Mara ya tatu alikuja mpaka mlangoni, akachungulia, akasema, "Pima tu, kaka, mtu ni mtu," akaenda zake.

Zilibaki siku nane. Futi ya kamba hakuwa nayo. Mzee aliiazima kupimia ghala la ufuta na kilichoazimwa na mzee hakirudi. Basi Kondo akaingia mwenyewe dirishani, akakaa kwenye kile kiti kimoja, akaunyoosha mkono wake toka kiwiko mpaka ncha ya kidole, akaanza kupima.

Alipoweka mkono kwenye bomba, baba yake alimjia akilini. Kule Delta mtumbwi hauchongwi mpaka mwenyewe alale juu ya gogo, achukuliwe upana wa nyonga na urefu wa mkono. Na aliyepimiwa ndiye mwenyewe. Hauuzi. Hauachi akahamia bandari nyingine, wala hauhamishi. Mtu na chombo chake hukaa mahali pamoja mpaka mmoja wao aoze. Baba yake, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alimkanya mara moja alipomkuta amelala kwenye gogo la mtu akicheza: mwanangu, usijipime kwa mzaha. Kondo akayakumbuka hayo, akacheka peke yake. Hiki ni chuma, alijiambia, si mti.

Haya, tuseme kweli. Angeweza kuongeza. Mtu akijua dereva ni mrefu, huongeza shibiri hapa, shibiri pale, akakisia. Kondo alikisia kidogo, kisha akatoa alichoongeza, kwa sababu bomba likisogea halikai vizuri, na kiti kile kilimkaa yeye vizuri mno. Swaumu alipoleta ugali alimkuta amefumba macho, mikono usukanini, ananguruma kwa mdomo kama mtoto. Akacheka, siku nyingi hajacheka. Akauliza yeye atakaa wapi. Kondo akafumbua macho akasema gari la mashindano lina kiti kimoja, mama Semeni. Jioni ile akachomelea kizimba chote, na kiti nacho akakichomelea sakafuni.

Idi pili kiwanja kilijaa. Watu walitoka Mbwara, walitoka Ikwiriri, wengine Delta kabisa na kanzu zao za sikukuu. Mapipa yamepakwa chokaa yamepangwa kuonyesha njia. Magari sita ya Dar yamepaki yakimetameta, na la saba Corolla ya Kondo, nyeupe, imechongoka mbavu. Mzee Mohamedi alikuwa amebebewa kile kiti chake cha nyuma, kikawekwa ukingoni mwa kiwanja, akakaa. Swaumu alisimama mbali, pamoja na akina mama wengine. Kichwani ana furushi. Waliomwuliza aliwaambia ni chakula.

Ismaily akaja na miwani yake na kofia ngumu ya kuazima, akapunga mkono, akaingiza mguu dirishani. Ukaingia. Akaingiza wa pili, akazama mpaka kifuani, na hapo ndipo ikawa basi. Magoti yamepanda juu ya usukani, kofia imegonga bomba, shingo imelala begani kama jogoo kwenye tenga.

"Kaa," Amri akamwambia.

"Nimekaa."

"Kaa chini, bwana."

Watu wakaanza. Mmoja akashauri akunjwe kama mkeka, mwingine akasema mvueni viatu, mwingine akasema kata miguu utaikuta hapahapa ukirudi. Ikabidi wanaume watatu wamvute, na alipotoka shavu limechubuka na miwani imebaki ndani. Akamgeukia Kondo, na hasira ilimfanya asahau Kiswahili cha mjini. Akasema mbele ya watu wote kwamba Kondo amejipimia mwenyewe, kwamba alilitaka gari tangu mwanzo.

Kondo akaligeukia gari. Zilibaki dakika kumi. Kiti kilikuwa kimechomelewa, mabomba yamechomelewa, na kila alichokitazama alikuwa amekifunga kwa mkono wake. Akaona lori la Amri limesimama kule, mlango wa nyuma umefunguliwa. Akaona furushi. Gari lisipomaliza hakuna radhi, na gari lisipoanza litamalizaje?

 Mzee akamtazama Ismaily, akalitazama dirisha, akamtazama Kondo toka kichwani mpaka miguuni kama anayekadiria gunia. Akasema taratibu, "Ingia wewe." Kondo akatia mguu, akatia wa pili, akateleza ndani kama mkono mfukoni. Mzee akacheka kidogo. Kicheko hicho Kondo alikijua tangu utotoni na hakikuwahi kumletea heri.

Bendera ikashushwa. Mzunguko wa kwanza aliogopa, wa pili alizoea kona, wa tatu akasahau kuogopa. Gari lilimsikia. Akifikiri kulia, limekwenda kulia. Kila bomba lilikuwa mahali pake na kila mahali palikuwa pake, na Kondo, ambaye kwa miaka kumi na moja hakuwahi kwenda popote bila kuulizwa aendako, aligundua kwamba anacheka kwa sauti na hakuna anayemsikia. Mkono wake kwenye gia, wala hajivuti. Vumbi jekundu likaingia mdomoni, tamu. Ila kila mzunguko, pale pa kukata kona ya mwisho, alimpita mjomba. Amekaa kwenye kiti kilekile, mikono juu ya bakora. Kondo aliondoka kwa kasi yote ya gari na nusu dakika baadaye alirudi mbele yake. Mara ishirini.

Magari mawili ya Dar yalikufa njiani. Corolla ikamaliza ya nne, ikinuka mpira, inavuja mafuta kidogo, lakini nzima. Kondo alizima injini na masikio yakaendelea kuunguruma. Amri alifika mbio, akaingiza kichwa dirishani, machozi yanamtoka. "Tajiri amekubali. Ameligusa kila bomba. Tunaondoka baada ya swala, mwambie shemeji apande."

Kondo akafungua mkanda. Akashika bomba la juu ajivute nje, lakini watu walikuwa wameshafika. Walijaa dirisha la kulia, wakajaa la kushoto, wanagonga paa, wanaingiza mikono kumpa mkono. Akasema nipisheni nitoke. Wakacheka wakampa pongezi. Mara wakanyamaza wote, na mkono wa mzee ukatua juu ya paa.

Mzee alianza na ahadi yake, maana alikuwa mtu wa kutimiza. Akasema gari limemaliza, na radhi yake kwa mpwa wake ameitoa, hana kinyongo, kila aliye hapo awe shahidi. Watu wakaitikia amina. Kondo kule ndani alifunika uso kwa viganja. Miaka kumi na moja, na neno lenyewe lilikuwa fupi hivi.

"Sasa," mzee akaendelea, "mimi mtu wa milimani, mambo ya mitumbwi siyajui. Lakini shemeji yangu Abdalah, Mungu amrehemu, aliwahi kunieleza ada ya kwao. Watu wa Delta mpo hapa, nikikosea mnisahihishe. Chombo ni cha nani?"

Wazee wa Delta wakajibu pamoja, bila kufikiri, kama watu wanaojibu salamu. "Cha aliyepimiwa."

"Na hili limepimwa kwa mkono wa nani? Limemkataa mwanangu wa kumzaa, mmeona. Limempokea huyu. Basi gari hili ni la Kondo. Si langu tena. Na banda ni lake, na ua nimewagawia yeye na mkewe, nusu ni yao. Wageni watakuja kila mwaka, na Kibiti itakuwa na dereva wake. Na aliyepimiwa hafanyaje?"

"Haachi bandari," wakasema wale wazee.

Hakuna aliyemshika Kondo. Hilo ndilo lililomuumiza baadaye kila alipolikumbuka. Alikuwa na radhi, alikuwa na kazi, lori liko hatua hamsini. Lakini zawadi ya mjomba aliyekupa radhi sasa hivi unaitupaje palepale? Na ada ni ya baba yake, si ya mzee. Aliyeitoa kaburini ni mwingine, lakini maneno ni yaleyale. Mzee akasema tusome Fatiha. Mikono yote ikainuka, na Kondo, ndani ya kizimba, mabega yamebanwa na bomba kulia na kushoto, akaona viganja vyake vimefunguka vyenyewe. Walipofika mwisho aliitikia amina na wengine. Aliyeitikia amina amepokea.

Amri hakuwa mtu wa pwani ile. Alisimama nyuma ya watu akitazama saa. Walipopungua alikuja akauliza kuna nini. Kondo akamwambia atangulie, yeye atafuata. Wote wawili walijua kwamba hatafuata. Amri alimshika bega kupitia dirishani, kisha akaenda. Lori likawaka, likazunguka mapipa, likashika barabara ya Dar. Vumbi lake lilichukua muda kutulia.

Kiwanja kikabaki kitupu. Kondo hakuwa ametoka garini. Sasa njia ilikuwa wazi, na miguu haikutaka. Ndipo Swaumu alipokuja na furushi lake kichwani, akasimama dirishani. Hakuwa analia. Alimtazama mumewe, akalitazama bomba lililopita vidole vinne juu ya kichwa chake, vinne kamili, akalitazama goti lisilogusa usukani.

"Baba Semeni, ulijipima makusudi?"

Kondo alitaka kusema Ismaily hakuja. Alitaka kusema futi ilikuwa kwa baba yako. Yote yalikuwa kweli, na aliyekuwa akimtazama alikuwa amemkuta siku ile amefumba macho ananguruma.

"Nilitaka kujua linakaaje," alisema.

Swaumu akatikisa kichwa polepole.

"Basi kaa," akamwambia, akageuka na furushi lake, akashika njia ya kwa baba yake.